Sufuria ya Washenga

Nyumbani kwetu magadi hayaishi, huibwa. Mwizi ni mimi.

Nilikamatwa Jumamosi moja asubuhi. Mama watoto alifungua kopo lake la magadi atie kidogo kwenye maharage, akakuta limebaki vumbi, na juu ya vumbi hilo kijikaratasi kilichoandikwa kwa mkono wangu: "gramu 10.6". Maharage yalikuwa jikoni tangu alfajiri na bado ni magumu kama kokoto. Akasimama mlangoni, kopo mkononi, akaniuliza kwa ile sauti ya chini ambayo mume yeyote aliyeoa siku nyingi anaijua: "Mwalimu, na haya maharage niyapike kwa gramu ngapi?"

Nafundisha kemia katika sekondari ya kata, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Maabara tunazo, tena tatu: ya fizikia, ya kemia na ya biolojia. Wanaokumbuka mwaka 2014 watakumbuka jinsi kata zilivyokimbizana na ujenzi wa maabara. Wazazi walichanga, aliyekosa fedha akaleta mchanga au nguvu zake, na kuta zikasimama. Meza za zege zipo, masinki yapo, makabati yapo na kufuli zake. Penye neno ni ndani ya makabati: kufuli zinalinda hewa. Nilipopeleka orodha ya mahitaji kwa mkuu wa shule, aliisoma hadi mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia pamoja na neno moja: "Jiongeze."

Nikajiongeza. Ubaya wa kujiongeza ni kwamba mtu huanzia pale alipo karibu napo, na mimi nilikuwa karibu na jiko la mke wangu.

Nilianza na choya. Karatasi za litmasi zilikuwa zimekwisha, na wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wanakariri kwamba asidi hugeuza litmasi ya bluu kuwa nyekundu bila kuwahi kuona kitu chochote kikigeuka. Choya iliyokaushwa ipo sokoni, watu huichemsha juisi. Ukiimwagia maji ya moto inatoa rangi nyekundu iliyokolea. Usiku mmoja nilipanga glasi sita za wageni mezani, nikagawa maji ya choya, kisha moja nikaitia ndimu, nyingine siki, nyingine magadi, nyingine maji ya majivu. Ya ndimu ikang'aa wekundu. Ya magadi ikageuka, ikapita kwenye zambarau, ikatua kwenye kijani cha kubluubluu kama maji ya bahari. Kitinda mimba wetu alipiga makofi. Asubuhi mama watoto alikuta glasi moja imepasuka, kwa sababu ya maji ya moto, na tano zilizobaki zimevaa utando wa rangi tano.

Lakini aliyenifundisha somo la pili ni yeye mwenyewe. Nilikuwa najisifu mezani kwamba nimesoma mahali kuwa hata bizari ya manjano inaweza kutambua besi, na kwamba wiki ijayo nitafanya jaribio kuthibitisha. Hakunijibu. Alinyanyuka, akaenda kwenye beseni la nguo chafu, akarudi na shati langu jeupe la Ijumaa. Kifuani lilikuwa na doa la mchuzi, la manjano, upana wa shilingi mia. Akalilowesha, akachukua kipande cha sabuni ya mche, akasugua mara mbili. Doa likageuka jekundu la kukolea, kama damu ya juzi. Akakamua ndimu juu yake: likarudi manjano. Akasugua sabuni tena: jekundu.

"Hili ndilo jaribio?"

"Ndilo."

"Kila mwanamke aliyewahi kufua shati lenye mchuzi analijua. Ungeniuliza tu, usingelipa nauli ya kwenda maktaba."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari la maandalio ya somo, bila kumtaja. Hilo nalo lilikuja kuhesabiwa baadaye.

Mambo yakaenda hivyo, kidogo kidogo. Kwenye duka la dawa nilinunua mabomba ya sindano ya mililita kumi, bila sindano zake, yawe badala ya pipeti. Mabomba hayo yamechorwa vipimo, hayavunjiki, na mwanafunzi hanyonyi kemikali kwa mdomo. Muuza dawa aliniuliza nina mgonjwa wa nini. Nikasema ni kwa ajili ya wanafunzi. Sura aliyonitazama nayo bado naikumbuka. Hapo hapo nikachukua kichupa cha ayodini na chupa ya haidrojeni peroksaidi. Dukani kwa Mangi nikapata chumvi na sukari ya kukuzia fuwele. Duka la pembejeo likanipa mrututu, ule wa bluu wanaopulizia mimea. Maji yaliyosafishwa ni ghali, kwa hiyo nikakinga mvua moja kwa moja kutoka mawinguni kwa beseni safi, si ile iliyopita kwenye bati lenye kutu. Hadi hapo nilikuwa najiona mhandisi.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Tanga.

Sababu ya safari yake ilikuwa njema. Shemeji yangu mdogo, anayeishi kwetu, alikuwa amepata mchumba, na washenga walikuwa wameomba kuleta barua ya posa Jumapili. Mama mkwe alifika Jumatano na mkeka wake, redio yake na kijaluba cha tambuu. Nikamwamkia, akanipokea kwa "Marahaba, mwanangu", na nyumba ikatulia. Ilitulia mpaka Alhamisi usiku.

Alhamisi usiku binti yetu wa kidato cha tatu aliniuliza wanga unapimwaje. Ugali upo mezani, ayodini ipo mfukoni; mwalimu gani angejizuia? Nilikata tonge, nikaliweka pembeni kwenye kisahani, nikadondosha matone mawili ya kahawia. Tonge likawa bluu nyeusi, kama limepondwa na nyundo. Nikaanza kueleza habari za wanga. Nilipoinua macho mama mkwe alikuwa amenawa mikono.

"Mwanangu," akasema taratibu, "chakula hiki mmekitia nini?"

Nilimweleza kwamba ugali wote duniani ungefanya vile, hata wa kwake Tanga. Alisikiliza kwa adabu zote. Kuanzia usiku ule alikula ndizi, na alizimenya mwenyewe.

Ijumaa nikafanya makosa mawili. La kwanza lilikuwa chokaa. Maji ya chokaa ndiyo yanayotuonyesha kaboni dayoksaidi: unakoroga chokaa kwenye maji, unaiacha ituame usiku kucha, unachukua yale maji maangavu ya juu, unapuliza pumzi kwa mrija, na yanageuka kama maziwa. Chokaa ya kupakia nyumba inafaa kabisa, na fundi rangi wa jirani angenipa bure. Ila kijaluba cha mama mkwe kilikuwa karibu zaidi. Nilichukua nusu kijiko. Mtu anayekula tambuu tangu ujana anajua kilichopungua hata kama ni nusu punje.

La pili lilikuwa betri. Zile betri za redio za bei ya chini ni hazina ya maabara. Ganda lake ni zinki. Katikati kuna kijiti cheusi cha kaboni, kinachofaa kuwa elektrodi: tumbukiza viwili kwenye maji ya mrututu, unganisha na betri nyingine, na baada ya dakika chache kimoja kinavaa shaba nyekundu. Unga mweusi unaokizunguka una dayoksaidi ya manganizi. Tia ncha ya kijiko kwenye haidrojeni peroksaidi, na oksijeni inatoka kwa fujo kiasi cha kuwasha tena njiti iliyobakiza kaa tu. Yote haya hupatikana kwenye betri iliyokwisha. Kijiti cha kaboni hakifi pamoja na umeme. Kwa hiyo nilipokuta betri nne juu ya mkeka, kando ya redio, nilidhani mama mkwe amezitoa kwa kuwa zimekwisha. Nilizipasua kwa kisu cha mboga, palepale mkekani.

Zilikuwa bado zina nguvu. Alikuwa amezitoa azianike juani kidogo, kama walivyozoea wazee. Saa ya matangazo ya vifo ikafika na redio ikawa kimya. Mama mkwe hajawahi kukosa matangazo ya vifo; ndivyo anavyojua nani wa kumpigia simu ya pole. Alikaa kwenye mkeka wake uliojaa unga mweusi, mikono mapajani, akasema kwa sauti ya kuhuzunisha: "Sasa hata waliokufa leo sitawajua."

Usiku huo mama watoto aliniita chumbani. "Nakuomba kitu kimoja," akasema. "Washenga Jumapili. Mpaka waondoke, usijiongeze."

Nikaahidi. Lakini Jumatatu kidato cha nne walikuwa na taitresheni ya majaribio kabla ya mtihani wa moko, na nilikuwa nimekwama. Magadi yalikuwa yameniangusha. Nilikuwa nimepima zile gramu 10.6 kwa lita, kama vitabu vinavyotaka kwa kaboneti ya sodiamu safi, na kila kundi la wanafunzi likaja na jibu lililopunguka. Si makosa yao. Magadi yanayochotwa ziwani si kaboneti tupu. Yana baikaboneti ndani yake, maji, chumvi na udongo wa huko yanakotoka. Yanalainisha maharage vizuri. Kipimo cha uhakika hayatoi. Nikaamua kutumia kostiki, ile soda kali ya watengeneza sabuni, na asidi ya betri za magari niliyokuwa nimenunua gereji kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Hiyo chupa ilikuwa na kisa chake. Nilikuwa nimeizimua asidi uani, kwa utaratibu: asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, na miwani machoni. Nilijisifu kwamba halikudondoka tone. Yalikuwa yamedondoka matone manane, kwenye kanga iliyokuwa kambani nyuma yangu. Asidi hiyo haikauki kama maji. Maji yanaondoka, yenyewe inabaki kwenye uzi na kuzidi ukali. Kanga ilionekana nzima mpaka Jumamosi asubuhi ilipoguswa na maji ya kufulia. Ilikuwa zawadi ya mama mkwe, imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Ilipotoka beseni neno la mwisho lilikuwa tundu tupu.

Hivyo basi, Jumamosi alasiri. Magadi yamekwisha, kanga imetoboka, mkeka mweusi. Mama watoto na shemeji wako sokoni kununua kuku na vitunguu vya kesho. Mama mkwe yuko jikoni, anachemsha tangawizi kwenye jiko la mkaa. Nami nina nusu saa. Hesabu ilikuwa nyepesi: gramu 80 za kostiki zinatosha lita ishirini za myeyusho wa moli 0.1. Ningeziyeyusha kwanza kwenye maji kidogo, halafu niongeze maji shuleni. Nikatafuta ndoo ya plastiki. Zote zilikuwa na maji, kwa sababu siku ile bomba lilikuwa limetoa baada ya siku tatu. Kando ya ndoo, imesuguliwa kwa mchanga mpaka inatoa sura ya mtu, ilikuwa imekaa sufuria ya washenga.

Ni sufuria ya kilo tano za mchele. Tulipewa siku ya harusi yetu. Na ni ya aluminiamu.

Nafundisha aluminiamu. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba metali hii humenyuka na asidi na pia na alkali kali, na kwamba hutoa haidrojeni. Nimeiandika mara nyingi kiasi kwamba mkono unaandika wenyewe, na huenda ndiyo sababu kichwa hakikuwapo. Nikamimina maji, nikamimina kostiki, nikakoroga kwa mwiko.

Kwanza ilipata moto, jambo nililolitarajia. Halafu kitako kikaanza kunong'ona. Vipovu vidogo vikapanda kama kwenye soda iliyofunguliwa, kisha vikubwa, kisha maji yote yakageuka povu la kijivu na mvuke unaokaba koo. Sufuria nzima ikachachamaa.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, bila kuacha kukoroga tangawizi, "sufuria yako inachemka bila moto. Hii ni elimu, au kuna jambo jingine?"

Ndipo nilipoyaona makaa. Yalikuwa hatua mbili kutoka kwangu, mekundu, yanapepewa. Gramu 80 za kostiki zikila aluminiamu ya kutosha hutoa zaidi ya lita sabini za haidrojeni, na haidrojeni ikikutana na moto ndani ya chumba haiombi radhi. Sikueleza. Nililishika jiko kwa masikio yake, tangawizi ikiwa juu, nikatoka nalo mbio hadi chini ya mwembe, miguu mitupu. Nikarudi nikamtoa mama mkwe, nikafungua dirisha, nikavaa miwani ambayo ningepaswa kuivaa mwanzo, na kuibeba sufuria kwa matambara mpaka katikati ya uwanja. Nikaweka kiti mbele yake nikaketi, watoto wasisogee. Majirani waliopita walimwona mwalimu wa kemia analinda sufuria inayochemka juu ya udongo mtupu. Hakuna aliyesalimia.

Mama watoto alirudi akanikuta hapo. Kuku walikuwa wananing'inia mkononi mwake, vichwa chini. Alitazama sufuria, akatazama jiko chini ya mwembe, akamtazama mama yake aliyekuwa amejifunika ushungi mpaka puani. Povu lilipotulia nikamwaga kwa uangalifu, nikasuuza mara nyingi, nikaiinua. Ndani ilikuwa nyeusi, yenye makovu, na mahali kitako kilipokuwa kimechakaa kwa miaka ya wali, niliona jua kupitia vitundu viwili.

Hakusema kitu. Alikwenda kwa jirani kuazima sufuria.

Washenga walikuja, wakala, wakashiba, barua ikapokewa. Walipoondoka, mama watoto alifuta meza, akaketi, akafungua daftari langu la maandalio ya somo kwenye ukurasa mweupe, akachukua kalamu yangu nyekundu. Kikao kilikuwa na watu wanne: yeye, mama yake, shemeji na mshitakiwa. Akaandika: sufuria, 38,000. Doti ya kanga, 14,000. Betri nne, 2,400. Magadi, choya na bizari, 3,100. Glasi, 1,000. Akajumlisha haraka kuliko mhasibu wetu wa shule: shilingi 58,500.

"Kwenye orodha uliyopeleka kwa mkuu," akauliza, "vitu vya wiki hii vingegharimu kiasi gani?"

Nilikuwa nayo bado mfukoni, imekunjwa vilevile. Nikapiga hesabu ya vya wiki ile tu. Haikufika 58,500.

"Kwa hiyo shule imeokoa fedha," akasema. "Nyumba ndiyo imelipa. Ukisema kitu ni rahisi, mwalimu, useme na rahisi kwa nani."

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Miaka yote nimehesabu kilichotoka kwenye mfuko wa shule. Sijawahi kuhesabu kilichotoka kwenye kopo, kambani, au mikononi mwa mtu anayefua.

Hukumu ilikuwa na vifungu. Maabara ipate sanduku lake lenye kufuli, na kitu kikishaingia humo hakirudi jikoni, hata kikioshwa mara saba. Chupa ya maji ya kunywa isitiwe asidi tena, maana nyumba ina watoto. Kila chombo kiandikwe kilichomo. Kostiki iyeyushwe kwenye ndoo ya plastiki, nje, na mtu aliyevaa miwani. Mama mkwe alipwe betri nne mpya usiku huohuo. Kifungu cha mwisho kiliongezwa na mama mkwe mwenyewe: mke wangu atajwe darasani kwa ile bizari.

Jumatatu nilimtaja. Niliandika ubaoni kwamba jaribio lile tumefundishwa na mke wangu, kwa shati na sabuni ya mche. Darasa zima lilirudi kesho yake na madoa. Kisha nikamwandikia mkuu wa shule orodha mpya. Niliitenga mafungu mawili, na hilo ndilo ninalowaambia walimu wenzangu wanaoambiwa wajiongeze. Choya, bizari, chokaa, ayodini na ugali, mabomba ya sindano, betri zilizokwisha: haya yanaonyesha jambo lilivyo, na yanatosha kabisa. Lakini pale mwanafunzi anapopimwa kwa namba, kwenye taitresheni, hakuna ujanja. Kaboneti safi na methili oranji zinunuliwe. Matone mawili matatu ya methili oranji yanatosha kwa kila jaribio, na chupa moja ndogo hudumu miaka. Chini kabisa nikaandika: ndoo ya plastiki, moja, sufuria ya kilo tano, moja, ya kurudisha. Mkuu alisoma mpaka mwisho. Ndoo na kemikali alizipitisha. Sufuria aliizungushia duara, akaandika kando: "Ni ya nini?"

Nimemwalika aje maabara ajionee. Ipo ukutani, imetundikwa kwenye msumari, na vitundu vyake viwili. Hiyo ya kurudisha nimeinunua mwenyewe, na ile niliyoitoboa naitumia kufundishia aluminiamu. Mwalimu mwenzangu, jikoni kwako mna maabara, lakini ina mwenyewe: muulize kwanza. Na kostiki usiitie kwenye sufuria.